Safari za Isidro Lángara, Mshambulizi wa Oviedo

Mchezaji wa kandanda akihama kutoka nchi moja hadi nyingine, watu wa siku hizi huuliza kwanza amenunuliwa kwa fedha ngapi. Ni swali la haki, maana mchezo umekuwa biashara, na wachezaji wenyewe wamekuwa bidhaa ambayo bei yake hupanda na kushuka. Hata hivyo historia ya kandanda inawajua pia wachezaji waliozunguka dunia kwa sababu nyingine kabisa: nyumbani kwao kulikuwa kunawaka moto. Isidro Lángara wa Uhispania alikuwa mmoja wao, na kwa maoni yangu ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Aliongoza kwa mabao katika ligi za nchi tatu, moja upande huu wa bahari ya Atlantiki na mbili upande wa pili, lakini jina lake halitajwi hata nusu ya mara wanazotajwa watu waliofunga mabao machache kuliko yeye. Makala haya yanakusudia kuzieleza njia alizopita mtu huyo, na jinsi vita vilivyompa safari ndefu huku vikimnyang'anya sehemu kubwa ya sifa aliyostahili.

Lángara alizaliwa tarehe 25 Mei 1912 katika mji wa Pasaia, ambao Wahispania huuita Pasajes. Pasaia ni bandari katika jimbo la Gipuzkoa, kaskazini mwa Uhispania, karibu na mpaka wa Ufaransa. Huko ni nchi ya Wabaski, watu wenye lugha yao wenyewe iitwayo Euskara, lugha ambayo wataalamu hawajaweza kuitafutia ndugu hata mmoja miongoni mwa lugha zilizo hai duniani. Sisi walimu wa lugha tutapendezwa na jambo moja. Mbaski akitaka kumtaja Mbaski mwenzake kwa lugha yake, humwita euskaldun, na maana yake ni mtu aliye na Euskara, yaani mwenye lugha. Kwa hiyo katika neno hilo hakuna damu wala rangi wala mipaka ya nchi. Kilichomo ni lugha tu. Waliowahi kukaa katika mabishano yetu marefu kuhusu Mswahili ni nani, bila shaka watalitamani neno kama hilo.

Tukiwa bado katika habari za maneno, na tukikumbuka kwamba mtu huyu alikulia penye bandari na nyavu, yafaa tuutazame kidogo usemi wetu wa "kutia kimiani". Watangazaji wa mpira hawakuuokota hewani. Kimia ni wavu wa kutupa wa mvuvi, naye aliyeutumia mara ya kwanza kwa habari za kandanda alifanya kazi ambayo kamati nyingi za istilahi zimeshindwa kuifanya: alichukua neno la kazi ya watu, akalipeleka mahali papya, na watu wakalikubali bila kuulizwa. Bao nalo lina historia yake, na goli ni mgeni aliyekwisha kupewa uraia. Katika makala haya nitayatumia yote matatu bila kuona haya.

Lángara alianza kujulikana alipocheza katika klabu ya Tolosa, mji mdogo wa Gipuzkoa, na mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 18, alichukuliwa na Real Oviedo. Oviedo ni mji mkuu wa Asturias, nchi ya milima na machimbo ya makaa ya mawe, na klabu yake wakati huo ilikuwa katika daraja la pili. Ligi ya Uhispania yenyewe ilikuwa changa, kwani ilianzishwa mwaka 1929. Tarehe 24 Aprili 1932 uwanja mpya wa Oviedo uitwao Buenavista ulifunguliwa kwa mchezo wa timu ya taifa ya Uhispania dhidi ya Yugoslavia. Siku hiyo ndiyo Lángara alipoichezea Uhispania kwa mara ya kwanza, akatia bao mojawapo, na Uhispania ikashinda kwa mabao 2 kwa 1. Mchezaji wa daraja la pili kuitwa katika timu ya taifa si jambo la kila siku, na kufunga juu ya hilo ni dalili ambayo hata mtu asiyejua mpira angeielewa.

Mwaka 1933 Oviedo ilipanda daraja. Hapo ndipo ulipoanza mfululizo ambao Uhispania haikuwa imewahi kuuona. Katika msimu wa 1933–34 Lángara aliongoza ligi nzima kwa mabao 27. Katika ule wa 1934–35 akaongoza tena kwa mabao 26. Na katika ule wa 1935–36 akaongoza mara ya tatu kwa mabao 27. Ieleweke kwamba timu zilikuwa 10 tu katika msimu wa kwanza na 12 katika miwili iliyofuata, hivyo michezo yenyewe haikuzidi 18, kisha 22, kwa msimu. Mtu huyu, basi, alifunga zaidi ya bao moja kwa kila mchezo, miaka mitatu mfululizo. Wala hakuwa peke yake. Safu ya mbele ya Oviedo, yaani Casuco, Gallart, Lángara, Herrerita na Emilín, ilienda kasi mno hata magazeti yakaibandika jina la "safu ya umeme". Klabu ya mji wa wachimba migodi ikashika nafasi ya tatu katika ligi mara mbili mfululizo, mbele ya klabu nyingi zilizokuwa na mali na majina makubwa.

Katika timu ya taifa mambo yalikuwa yale yale. Tarehe 11 Machi 1934, katika kutafuta nafasi ya kwenda kwenye Kombe la Dunia, Uhispania iliifunga Ureno mabao 9 bila jibu mjini Madrid, na 5 kati ya hayo yalikuwa ya Lángara. Katika mchezo wa marudiano mjini Lisbon Uhispania ilishinda 2 kwa 1, na mabao yote mawili yalikuwa yake. Wakaenda Italia. Tarehe 27 Mei 1934 mjini Genoa waliitoa Brazili kwa mabao 3 kwa 1. La kwanza lilikuwa la Iraragorri kwa penalti, mawili yakawa ya Lángara, yote kabla ya nusu saa kwisha, huku golikipa Ricardo Zamora akiokoa penalti ya Wabrazili. Siku nne baadaye, mjini Florence, Uhispania ilitoka sare ya 1 kwa 1 na wenyeji Italia katika mchezo uliochezwa kwa ukali mwingi. Ukarudiwa kesho yake. Zamora na Lángara hawakuweza kushuka uwanjani, na Italia ikapita kwa bao 1 la Meazza, ikaendelea hadi ikatwaa kombe. Kila mtu ana haki ya kujiuliza mchezo ule ungekwishaje kama Wahispania wangeshuka na timu yao kamili, lakini historia haiandikwi kwa kama.

Mwaka uliofuata, tarehe 12 Mei 1935, Uhispania ilikwenda Cologne kucheza na Ujerumani. Hitler alikuwa madarakani kwa miaka miwili, na michezo ilikuwa imekwisha kugeuzwa kuwa maonyesho ya nguvu za dola. Wajerumani walitangulia kufunga. Lángara akarudisha, kisha akaongeza la pili, na mambo yakaishia hapo, 2 kwa 1. Kwa jumla aliichezea Uhispania mara 12 na kuifungia mabao 17. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 23 na hesabu ya namna hiyo, nani asingemtabiria mengine 30 au 40? Lakini hakuichezea tena nchi yake baada ya mwaka 1936.

Ili tufahamu sababu, hatuna budi kuitazama nchi yenyewe. Uhispania ilikuwa Jamhuri tangu mwaka 1931, na Jamhuri hiyo ilikuwa imepasuka tangu mwanzo baina ya matajiri wa ardhi na maskini, baina ya kanisa na walioipinga, na baina ya Madrid na majimbo yaliyotaka kujitawala. Mnamo Oktoba 1934 wachimba migodi wa Asturias waliasi wakaiteka sehemu kubwa ya Oviedo. Chuo kikuu kiliteketea kwa moto, na jeshi lililoletwa, likiwamo jeshi la kutoka Moroko, likaukandamiza uasi huo katika muda wa wiki mbili hivi kwa ukatili mwingi. Msimu wa pili kati ya ile mitatu ya ushindi wa Lángara ulichezwa katika mji huo huo uliotoka kuungua. Watazamaji waliokuwa wakimpigia makofi walikuwa wamezikana wao kwa wao muda mfupi kabla ya hapo.

Mwezi wa Julai 1936 majenerali waliasi dhidi ya serikali, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza. Mji wa Oviedo ukashikwa na Kanali Aranda aliyejiunga na waasi, na wachimba migodi wakauzingira. Nchi ya Wabaski kwa upande wake ilibaki na Jamhuri, na mnamo Oktoba 1936 ikapewa serikali yake yenyewe. Hivyo mji uliomlea Lángara katika mpira na pwani iliyomzaa vikawa katika pande mbili zinazopigana. Yeye alikuwa upande wa kwao.

Rais wa serikali hiyo ya Wabaski alikuwa José Antonio Aguirre, mwanasheria aliyeapishwa chini ya mti wa mwaloni wa Gernika, mahali palipokuwa pa kale pa mabaraza ya Wabaski. Aguirre katika ujana wake alikuwa mchezaji wa Athletic ya Bilbao. Huenda ndiyo sababu alitambua mapema kuliko wanasiasa wengine kwamba timu ya mpira inaweza kufika mahali ambapo balozi hafiki. Serikali yake iliunda timu ya wachezaji wa Kibaski, ikaipa jina la Euzkadi, yaani jina la nchi yenyewe, na kuituma nje kwa madhumuni mawili: kuchangisha fedha kwa ajili ya wakimbizi, na kuijulisha dunia kwamba kuna taifa la namna hiyo na kwamba linashambuliwa. Waliokwenda hawakuwa watu wa kuokoteza. Mlikuwamo ndugu wawili Luis na Pedro Regueiro, golikipa Blasco, Cilaurren, Muguerza, Iraragorri, Gorostiza, na Zubieta ambaye alikuwa bado kijana wa umri wa chini ya miaka 20. Wengi wao ni wale wale waliokuwa Italia mwaka 1934. Katikati ya safu ya mbele alisimama Lángara.

Mchezo wao wa kwanza ulikuwa mjini Paris dhidi ya Racing, siku ya Jumatatu, tarehe 26 Aprili 1937. Euzkadi ilishinda mabao 3 bila, na yote matatu yalitiwa na Lángara. Jioni ya siku hiyo hiyo ndege za Ujerumani na Italia, zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco, ziliushambulia mji wa Gernika kwa mabomu siku ya soko, zikauteketeza. Mwaloni ulisalimika, mji haukusalimika. Sioni haja ya kuipamba habari hii kwa maneno. Msomaji aziweke tarehe hizo mbili kando kando, azitazame.

Timu ikaendelea na safari: miji mingine ya Ufaransa, Chekoslovakia, Polandi, kisha Umoja wa Kisovieti. Walikuwa wamekwisha kufika Urusi wakati Bilbao ilipoanguka mikononi mwa Franco, tarehe 19 Juni 1937. Tangu siku hiyo timu ya taifa la Wabaski ikawa haina ardhi ya kurudia. Siku chache baadaye walishuka uwanjani mjini Moskva na kuifunga Lokomotiv mabao 5 kwa 1.

Habari za ziara hiyo ya Urusi zastahili kuelezwa kwa kirefu kidogo, kwani zilibadilisha mpira wa nchi nzima. Warusi wakati ule walikuwa wakicheza kwa mtindo wa zamani wa mabeki wawili, hafubeki watatu na washambulizi watano. Wabaski walikuja na mpango mpya uliokuwa umeenea Ulaya, ambao ukichorwa kwenye karatasi hufanana na herufi W juu ya M: hafubeki wa kati hurudishwa nyuma awe beki wa tatu, na washambulizi wawili wa ndani hushuka kuunganisha timu. Mabeki wawili wa Kirusi waliojaribu kumchunga Lángara, huku mawinga wakipita pembeni, walijikuta hawajui wamshike nani na wamwache nani. Dynamo ya Moskva ilifungwa 2 kwa 1, na iliporudiana ikafungwa 7 kwa 4. Dynamo ya Kiev ikafungwa 3 kwa 1, Tbilisi 2 bila, Minsk 6 kwa 1. Katika michezo tisa Wabaski walishinda saba, wakatoka sare mmoja Leningrad, wakashindwa mmoja tu. Walioshinda ni Spartak ya Moskva, tarehe 8 Julai 1937, kwa mabao 6 kwa 2, nao walikuwa wamemrudisha nyuma mchezaji wao mmoja, Andrei Starostin, awe beki wa tatu. Yaani mwanafunzi alimshinda mwalimu kwa somo la mwalimu mwenyewe. Baada ya hapo makocha wa Kisovieti wakaugeukia mtindo huo mmoja mmoja. Starostin na ndugu zake watatu, watu walioheshimiwa kama mashujaa siku ile, walikamatwa mwaka 1942 wakapelekwa katika kambi za wafungwa. Tukiwasoma Wabaski katika miaka ile tusidhani kwamba wao peke yao ndio waliocheza huku kisu kikiwa shingoni.

Kutoka Urusi walipitia Norway na Denmark. Timu haikubaki kamili: Gorostiza, winga aliyekuwa na sifa kubwa, alirudi Uhispania upande wa Franco. Yako maandiko yanayomlaumu na yako yanayomtetea, nami sioni kwamba mtu aliye mbali na moto huo ana haki ya kupima joto lake. Waliobaki walivuka bahari hadi Meksiko, ambako Rais Lázaro Cárdenas alikuwa ameifungulia mlango Jamhuri ya Uhispania na watu wake. Wakacheza Meksiko na Cuba. Mwaka 1938 wakafika Buenos Aires, lakini huko wakagonga mwamba. Shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, lilikuwa limekwisha kuikubali shirikisho ya upande wa Franco, na timu isiyo na nchi iliyotambuliwa haikuruhusiwa kucheza na klabu za Argentina. Mwaka huo huo Kombe la Dunia lilichezwa Ufaransa bila Uhispania. Lángara alikuwa na umri wa miaka 26, umri ambao mshambulizi huwa katika kilele chake, naye alikuwa mjini Buenos Aires hana mchezo.

Wakarudi Meksiko, na huko ikapatikana njia isiyo ya kawaida. Timu ya taifa ya Wabaski iliingizwa katika ligi ya Meksiko kama klabu, kwa jina lile lile la Euzkadi, msimu wa 1938–39. Ilishika nafasi ya pili, nyuma ya klabu ya Asturias, ambayo nayo ilikuwa klabu ya wahamiaji wa Kihispania. Vita vikamalizika tarehe 1 Aprili 1939 kwa ushindi wa Franco. Timu ikavunjika mwaka huo, na wachezaji wakatawanyika katika klabu za Amerika, kila mmoja akitafuta riziki yake.

Lángara aliitwa na San Lorenzo de Almagro ya Buenos Aires, na wenzake Zubieta, Iraragorri na Emilio Alonso wakavaa jezi hiyo hiyo. San Lorenzo ni klabu iliyoanzishwa mwaka 1908 na vijana wa mtaani kwa msaada wa padri Lorenzo Massa, na uwanja wake wa wakati huo, mtaa wa Boedo, uliitwa Gasómetro. Tarehe 21 Mei 1939 ilikuwa icheze na River Plate. Meli iliyomleta Lángara ilitia nanga siku hiyo hiyo. Watu wa Boedo wangali wakisimulia jinsi mgeni huyo mnene kidogo, aliyetoka baharini, alivyovishwa jezi akaingia uwanjani. Kabla ya kipindi cha kwanza kwisha alikuwa amekwisha kutia mabao 4, na San Lorenzo ikashinda 4 kwa 2. Katika nchi iliyojiona kuwa ndiyo mwalimu wa kandanda, huko ndiko kubisha hodi.

Baada ya hapo hakupumzika. Mwaka 1940 alifunga mabao 33, akawa mfungaji bora wa Argentina sawa kwa sawa na Delfín Benítez Cáceres wa Racing. Hadi alipoondoka mwaka 1943 alikuwa ameifungia San Lorenzo mabao 110 katika michezo 121. Ubingwa haukupatikana, mwaka 1941 na 1942 klabu ilimaliza ya pili nyuma ya River Plate, ambayo siku hizo ilikuwa na safu ya mbele iliyoitwa "Mashine", na mwenye kushindwa na Mashine hana la kulaumiwa. Zubieta ndiye aliyebaki San Lorenzo kwa muda mrefu kuliko wote, na alikuwamo katika timu ya ubingwa wa mwaka 1946.

Mwaka 1943 Meksiko ilianzisha ligi ya malipo, na klabu ya Real Club España ikamrudisha Lángara katika nchi iliyokuwa imempokea alipokuwa hana pa kwenda. Katika msimu wa kwanza wa ligi hiyo, 1943–44, aliongoza kwa mabao 27. Katika msimu wa 1944–45 España ikawa bingwa, na huo ndio ubingwa pekee wa ligi ya daraja la kwanza alioupata akiwa mchezaji. Katika ule wa 1945–46 alifunga mabao 40. Alikuwa amefikia miaka 34, umri ambao mchezaji wa kawaida hukumbushwa kwa upole kwamba ni wakati wa kufikiria kazi nyingine. Kwa mabao hayo akawa amekwisha kuongoza ligi za Uhispania, Argentina na Meksiko, jambo ambalo kabla yake hapakuwa na mtu aliyelifanya.

Kisha, mwaka 1946, akarudi Oviedo.

Mji aliourudia haukuwa ule aliouacha. Mazingiwa ya mwaka 1936 yaliuharibu vibaya, na uwanja wa Buenavista ulikuwa hauchezeki hata ligi ilipoanzishwa upya mwaka 1939. Klabu ilisamehewa msimu mzima wa 1939–40. Hapa kuna kisa kidogo kisichofaa kuachwa. Nafasi iliyoachwa wazi na Oviedo ilishindaniwa na klabu mbili zilizokuwa zishuke daraja, Osasuna na Atlético Aviación, ile ambayo leo huitwa Atlético ya Madrid. Aviación wakashinda mchezo huo, wakaingia, na mwisho wa msimu wakatwaa ubingwa. Kwa hiyo ubingwa wa kwanza wa klabu hiyo kubwa ulipitia katika mashimo ya mabomu ya uwanja wa Lángara.

Nchi pia ilikuwa nyingine. Majina ya Kibaski yalikuwa yamekatazwa kuandikwa katika vitabu vya vizazi, Euskara ilikuwa imefukuzwa shuleni, na neno Euzkadi, lililokuwa limeandikwa katika matangazo ya michezo kutoka Paris hadi Havana, lilikuwa neno la hatari. Wako waliouliza kwa nini aliyelibeba jina hilo duniani alikubali kurudi chini ya utawala huo. Mimi naona swali hilo ni jepesi kwa anayeliuliza kuliko kwa anayeulizwa. Lángara hakuwa mwanasiasa, wala hakuacha maandishi ya siasa. Miaka kumi ni mingi, na mtu anaweza kuikataa serikali huku akiutamani mji.

Alikuta Herrerita angali akicheza, mmoja wa wenzake wa safu ile ya umeme. Miguu ilikuwa mizito, lakini jicho la kuliona lango lilikuwa lile lile. Katika msimu wa 1946–47 alitia mabao 18, akiwa miongoni mwa mabeki ambao wengi wao walikuwa watoto wa shule alipokuwa akiifunga Ujerumani. Akacheza msimu mmoja zaidi, na mwaka 1948 akatundika viatu. Kwa Oviedo peke yake, katika daraja la kwanza, aliacha mabao 104 katika michezo 90.

Sasa turudi kwenye swali la sifa yake. Kumbukumbu za kandanda hutunzwa na mashirikisho, na kila shirikisho hutunza za kwake. Mabao ya Uhispania yamo katika daftari la Uhispania, ya Argentina katika la Argentina, ya Meksiko katika la Meksiko. Mtu mmoja amegawanywa katika madaftari matatu, na katika kila moja anaonekana kama mpita njia. Mabao ya miaka ya 1937 na 1938, aliyoyafunga akiwa na umri wa miaka 25 na 26 dhidi ya timu za Ulaya na Amerika, hayamo katika daftari lolote rasmi, kwa kuwa timu aliyoyafungia haikutambuliwa. Wanaokusanya takwimu huziita michezo hiyo ya kirafiki. Mtu aliyeyasoma yaliyotokea tarehe 26 Aprili 1937 atakubali kwamba neno hilo la "kirafiki" ni miongoni mwa maneno yaliyotumika vibaya kuliko yote katika uandishi wa michezo.

Alipoacha kucheza hakuacha kusafiri. Alivuka tena bahari akawa mwalimu wa mpira. Nchini Chile aliifundisha Unión Española ya Santiago, klabu nyingine iliyoundwa na wahamiaji wa Kihispania, na mwaka 1951 ikawa bingwa wa nchi. Mwaka 1955 alikuwa mwalimu wa San Lorenzo, klabu aliyoingia nayo uwanjani siku aliyoteremka melini. Alifundisha pia Meksiko. Franco alikufa mwaka 1975, Wabaski wakapata tena serikali yao miaka michache baadaye, na mwezi wa Agosti 1979 timu ya nchi yao ikashuka uwanjani San Mamés mjini Bilbao kucheza na Ireland, kwa jina ambalo sasa liliandikwa kwa herufi s, Euskadi.

Lángara alirudi kwao Gipuzkoa uzeeni. Alifariki dunia tarehe 21 Agosti 1992 katika mji wa Andoain, mwendo mfupi kutoka Pasaia alikozaliwa, akiwa na umri wa miaka 80.